Ndege Nyuki Juu ya Bati Langu: Maswali na Majibu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu ndege nyuki, au droni kama wengi wanavyoziita. Baadhi zimeandikwa na wanaozirusha, nyingine na waliokuwa uani wakaisikia ikivuma juu ya bati. Tumezijibu pamoja, kwa kuwa sharti analobanwa nalo mrushaji ndilo mara nyingi haki ya aliye chini.

SWALI: Napiga picha za harusi, niko Sinza. Nimenunua droni ya gramu 249. Muuzaji Kariakoo aliniapia kwamba iliyo chini ya gramu 250 haihitaji kibali popote duniani, ndiyo maana hata kiwandani wameitengeneza kwa uzito huo. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na maneno hayo yanawaponza wengi. Gramu 250 ni mpaka wa Marekani kwa mtu anayerusha kwa kujifurahisha tu: akiwa chini ya hapo hasajili. Huko huko Marekani, ukianza kulipwa kama unavyolipwa wewe harusini, nafuu hiyo inaondoka. Mpaka huo haukuvuka bahari kuja kwetu. Tanzania tunaongozwa na kanuni za mwaka 2018 za vyombo vinavyorushwa kwa rimoti, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ambao makao yao makuu yapo Banana, Ukonga. Kwao droni ni ndege. Ukilishika hilo moja, mengine yote yanaeleweka: ndege husajiliwa, ndege ina rubani anayejulikana, na ndege hairuki mpaka iruhusiwe mahali na saa.

Kwa hiyo kibali kina vipande vitatu, yaani chombo, mtu na mruko wenyewe. Wengi husajili chombo wakadhani wamemaliza.

Kwenye chombo, kosa la kila siku ni namba. Namba ya mfululizo inayotakiwa ni ile ya droni yenyewe, ambayo kwa nyingi imebandikwa ndani ya nafasi ya betri. Betri ina namba yake, rimoti ina yake, na boksi la dukani linaweza kuwa la droni nyingine kabisa. Toa betri, piga picha ya kibandiko, nakili kutoka hapo. TCAA pia hawamalizi peke yao: wizara yenye dhamana ya ulinzi lazima ijiridhishe, na hapo ndipo muda mwingi huenda. Andaa na bima ya kumlipa mtu mwingine utakayemdhuru.

Kwenye mruko, maombi yanakwama kwa sababu mtu ameandika "Sinza, Jumamosi, harusi". Afisa anayesoma hawezi kuidhinisha Sinza nzima. Andika namba za GPS za mahali utakaporushia, umbali utakaozunguka, kimo cha juu kwa mita na kwa futi, saa ya kuanza na ya kumaliza, na jina na simu ya atakayeshika rimoti. Kwa mfano: mita 150 kuzunguka ukumbi, kimo kisichozidi mita 60 (futi 200), saa 9:30 alasiri hadi saa 11:00 jioni. Ambatisha barua ya mwenye ukumbi. Na usisubiri mchango wa mwisho wa kamati; maombi yaondoke wakati kamati ya harusi inakaa kikao chake cha pili, si wiki ya sendoff.

Kwa Sinza una jambo la ziada, Kambi ya Lugalo haiko mbali. Kuelekeza kamera upande wa kambi ya jeshi, hata kwa bahati mbaya ukiwa unazungusha droni upate machweo, ni kosa zito kuliko kuruka bila usajili. Chagua ukumbi, tazama ramani, kisha amua kabla ya siku yenyewe droni itaangalia upande gani.

Halafu wageni. Kitu kinachoanguka kutoka mita 60, kama si upinzani wa hewa, kingefika chini kwa mwendo wa takribani kilomita 120 kwa saa. Hewa inapunguza, lakini mapanga ya plastiki bado yanachana uso. Droni ikae pembeni, juu ya bustani au maegesho yasiyo na watu, na kamera ndiyo itazame umati. Kuruka usiku kunahitaji idhini ya peke yake, na sherehe zetu hapa mjini huanza usiku. Panga picha za angani ziwe za alasiri, maharusi wanapopiga picha za nje, na umwambie mteja mapema asije akakudai picha za ukumbi ukiwaka taa.

SWALI: Nakagua paa za maghala na paneli za sola. Ninaishi na kufanya kazi Tabata, kama kilomita sita kutoka Uwanja wa Julius Nyerere. Nikikaa chini ya mita 120 si niko salama?

JIBU: Mita 120, yaani futi 400, ni dari ambayo hutakiwi kuipita hata ukiwa umeruhusiwa. Yenyewe haikupi ruhusa. Tabata imo katika anga inayoongozwa na mnara wa uwanja wa ndege, hivyo hata mita 20 zinahitaji idhini.

Tazama hesabu uone kwa nini. Ndege inayotua hushuka kwa mteremko wa nyuzi 3, ambao ni kama mita 52 kwa kila kilomita. Njia kuu ya kurukia ya Dar es Salaam imelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, kwa hiyo ndege zinazoingia kutoka upande wa bahari hupita juu ya mji, Ilala, Buguruni, kisha Vingunguti. Zikiwa Vingunguti ziko mita 200 hivi kutoka ardhini. Zikibakiza kilomita 2.3 kufika zinapogusa njia, ziko mita 120, kimo kile kile unachokiita salama. Helikopta nazo hazifuati mteremko huo. Hupita chini zinavyohitaji.

Kuna mtego mwingine kwenye kazi yako hasa. Kimo unachosoma kwenye simu hupimwa kutoka ulipoanzia kuruka, wala si kutoka ardhini iliyo chini ya droni. Ukiruka kutoka juu ya jengo la ghorofa kumi, lenye mita 30 hivi, simu ikisema 100 wewe uko 130. Tena kipimo hicho hutegemea mgandamizo wa hewa, kinaweza kuteleza mita kadhaa ndani ya mruko mmoja. Jiwekee kikomo cha mita 100 kwenye programu, na uondoe kimo cha jengo ulilosimama.

Ukiwa kwenye maghala, usipaishe droni kutoka juu ya bati wala sakafu ya zege yenye nondo. Chuma kinapotosha dira: droni inapaa vizuri, kisha inaanza kuzunguka duara linalopanuka, kama maji yanayoingia shimoni, na ukivuta rimoti inakwenda kusiko. Simama kwenye udongo, mita kumi mbali na magari na kontena. Kama kibali hakijatoka na mteja ana haraka, mlingoti wa aluminiamu wa mita 6 wenye kamera kileleni unakagua ghala la kawaida bila kumwomba mtu anga.

SWALI: Sisi tuko Kigogo, bondeni kwa Msimbazi. Ndege nyuki imepita juu ya nyumba zetu asubuhi mbili mfululizo. Mjumbe alisema ni ya serikali, tusiulize. Bafu letu liko uani na halina paa. Je, serikali nayo inaomba kibali? Na picha zetu zinakwenda wapi?

JIBU: Mama, kuuliza ni haki yako, na neno "ya serikali" halitoshi kuwa jibu.

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga duniani, unataja katika ibara ya 3 ndege za dola, yaani zinazotumika kwa kazi za jeshi, forodha na polisi. Hizo zina utaratibu wake. Ofisi ya ardhi, manispaa, chuo kikuu, mradi wa mafuriko au mkandarasi wao hawamo katika kundi hilo. Droni yao ni chombo cha kiraia chenye nembo ya umma. Inasajiliwa, inaombewa kibali, na anayeishika anapaswa kuwa na karatasi. Kwa hiyo swali la kwanza ni: ofisi ipi?

Kwa Msimbazi, tunadhani kazi ilikuwa ya ramani. Bonde hilo limeshapigwa picha hivyo: mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Dar es Salaam, pamoja na wananchi wa mitaa, kuchora nyumba, mitaro na vichochoro, na picha za droni zilisaidia. Mwaka 2016 Zanzibar nayo ilianza kupiga picha Unguja na Pemba, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kazi hizo zina faida ya kweli. Picha zinazopishana zinatoa mwinuko wa ardhi, na mwinuko ndio unaoeleza maji ya Jangwani yataingia nyumba ipi kwanza.

Unaweza kutambua mwenyewe droni ilikuwa inafanya nini. Kama ilikwenda moja kwa moja, ikageuka, ikarudi kwa mstari ulio sambamba kama trekta shambani, bila kusimama, hiyo ni ya ramani. Kama ilisimama hewani, ikashuka, ikajigeuzageuza, ilikuwa inatazama kitu fulani. Tofauti ni kubwa kwa faragha yako. Picha ya ramani ambayo kila nukta yake ni sentimita 7 ardhini inamwonyesha mtu kwa nukta sita au saba begani. Anaonekana kama doa, uso haupo. Ikiwa nukta ni sentimita 2, doa hilo linapata kichwa, mikono na rangi ya kanga. Droni ndogo ikiwa mita 20 juu ya ua, inaona kila kitu.

Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazibana taasisi za umma pamoja na za binafsi, na ina Tume yake. Fanya hivi. Andika tarehe, saa, muda iliokaa na upande iliotokea. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa uombe kuona barua ya utambulisho. Timu ya kweli huwa imepita hapo kwanza. Kisha andikia mkurugenzi wa manispaa barua ya ukurasa mmoja: ni kazi gani, nani ameifanya, picha zina undani wa sentimita ngapi, nani anazitunza na mpaka lini. Usipojibiwa kuhusu picha, peleka nakala Tume. Kama hakuna ofisi inayoikiri droni hiyo, taarifa ni ya TCAA na polisi.

Na kwa maofisa wanaotusoma: gari la matangazo lipite siku moja kabla, litaje saa. Linagharimu lita chache za mafuta, na linampa mtu nafasi ya kutandika kanga juu ya bafu lake. Kupiga picha makazi ya watu bila kuwaambia ni kukosa heshima hata pale kibali kipo.

SWALI: Vijana wa mtaani kwetu Mbagala wanataka kuitungua kwa manati. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Kuharibu mali ya mtu ni jinai hata kama yeye ndiye aliyeanza kukukosea, na kesi itageuka iwe yenu. Zaidi ya hapo, betri ya lithiamu iliyotobolewa huwaka yenyewe, moto wenye moshi wa sumu, na kwenu nyumba zimebanana. Droni nyingi huisha chaji ndani ya nusu saa hivi na mara nyingi hurudi kwa mwenyewe. Waambie vijana wamfuate anayeishika. Huwa hayuko mbali, maana anatakiwa aione kwa macho yake. Mkimpata, muulizeni kibali mbele ya mjumbe.

SWALI: Niko kwenye kamati ya urasimishaji wa makazi huku Goba. Kampuni imetuletea picha kubwa ya droni, mipaka imechorwa kwa mistari myekundu juu ya paa na kuta. Wanasema upimaji umekwisha na wanadai awamu ya mwisho ya malipo. Tulichangishana kwa shida. Tulipe?

JIBU: Msilipe bado. Picha ya droni ni msaada mkubwa kwa urasimishaji, inaokoa wiki nyingi za kutembea, lakini kiwanja hakijapimwa mpaka bikoni, yaani alama za mipaka, ziwe ardhini, zimepimwa na mpima mwenye leseni, na ramani imeidhinishwa upande wa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Kabla ya hapo uwepo mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, wenye barabara na maeneo ya umma. Waulizeni namba za vyote viwili.

Sasa picha yenyewe. Ombeni kuona alama za ardhini. Kabla ya kurusha, timu hutakiwa kuweka misalaba au vibao vya nyeusi na nyeupe, kila kimoja kama sentimita 60 kwa 60, na kuvipima kwa mashine ya setilaiti iliyofungwa kwenye mtandao wa alama za taifa. Kwa eneo la hekta 50 tungetaka kuona angalau nane, zimesambaa pembezoni na katikati, juu mlimani na chini bondeni. Wavivu huziweka zote kandokando ya barabara kwa kuwa ndiko gari lilikopita. Goba ni vilima. Alama zikiwa kwenye mstari mmoja, picha nzima inainama kama meza iliyopungukiwa mguu, na nyumba za mbali na barabara zinahama. Alama mbili au tatu zisitumike kutengeneza picha. Zitunzwe kwa ajili ya kuijaribu. Ripoti iseme alama hizo za majaribio zimekosewa kwa sentimita ngapi. Kama hakukuwa na alama wala masahihisho yoyote, GPS ya kawaida ya droni inakosea mita moja hadi tatu. Mita mbili kwenu ni kichochoro kizima.

Waulize pia picha zilipishana kiasi gani. Asilimia 80 kwenda mbele na 70 ubavuni ni kipimo kizuri; chini ya 60 paa hupinda na miti huchanganyikana. Droni ya upimaji ya kawaida ikiruka mita 100 hutoa nukta ya sentimita 2.7 hivi, inatosha kabisa kuona ukuta.

Lakini hata picha safi kabisa haioni mambo mawili. La kwanza ni mwembe. Mpaka unaopita chini ya mti haupo pichani, na aliyechora mstari hapo amekisia. La pili ni upenu. Paa za kwetu hutokeza nje ya ukuta sentimita 60, pengine zaidi. Anayechora kiwanja kwa kufuata ukingo wa bati ameongeza sentimita 60 kwa huyu na kumpunguzia jirani kiasi hicho hicho, na miaka kumi baadaye ndugu hao watakutana baraza la ardhi. Chukueni nyumba tano, pimeni kwa futi kamba kutoka ukuta hadi ukuta, mlinganishe na picha. Ikitofautiana kwa upana wa upenu, mmeshajua walichofanya.

Awamu ya mwisho ilipwe bikoni zikiwa ardhini na majirani wote wanne wa kila kiwanja wakiwa wametia saini.

SWALI: Kwa nini manispaa wasipulizie mbu kwa droni mji mzima? Nasikia Zanzibar walifanya.

JIBU: Walifanya jaribio mwaka 2019 huko Cheju, Unguja, kwenye mashamba ya mpunga. Hawakuua mbu wanaoruka. Walinyunyiza kimiminika cha silikoni kinachotanda juu ya maji kama utando mwembamba. Viluwiluwi wanapopanda kupumua wanashindwa kushika uso wa maji na kuzama. Kipimo chake ni mililita 1 kwa mita ya mraba, kwa hiyo tangi la lita 10 linamaliza hekta moja. Mpunga ni mahali pake: maji yako wazi, yametandaa, na mtu akiingia anakanyaga mazao.

Dar es Salaam maji ya mbu yamejificha. Mbu wa dengue, aliyetusumbua 2014 na tena 2019, anazaliana kwenye tairi, kifuu cha nazi, ndoo isiyofunikwa na mfereji wa paa. Droni haioni ndani ya tairi lililo chini ya gari bovu. Pale inapofaa hapa mjini ni kutafuta. Masika yakipungua, irushwe juu ya bonde la Msimbazi na bustani za mchicha, ichore madimbwi yote yenye jua, kisha vijana wenye pampu za mgongoni wapelekwe moja kwa moja na dawa ya kibiolojia ya viluwiluwi. Tuna kiwanda chake Kibaha.

Manispaa ikiamua kunyunyiza kwa droni, wajue kuachilia kitu kutoka angani kunahitaji idhini yake mbali na ya kuruka, na dawa iwe imesajiliwa. Kazi iishe kabla ya saa 3 asubuhi, droni ikiwa mita 2 hadi 3 juu ya maji. Upepo ukipita mita 4 kwa sekunde, matone yanakwenda kwenye mboga na kwenye ndoo za watu.

SWALI: Hoteli yetu iko Kunduchi. Mwezi Julai alasiri tuliipeleka droni kaskazini kando ya ufukwe, kama kilomita moja na nusu kuelekea Mbweni. Tukabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, ikawa kama imegota hewani, betri ikaisha, ikatumbukia. Je, tudai kiwandani?

JIBU: Hakuna cha kudai, hilo ni kusi. Tuchukue droni inayorudi kwa mita 11 kwa sekunde na upepo wa mita 9. Kwenda ilisukumwa, ikafika kwa sekunde 75. Kurudi ilibaki na mita 2 tu kwa sekunde, yaani zaidi ya dakika 12. Kitufe cha kurudi kinafanya hali iwe mbaya zaidi, kwa sababu droni hupanda kwanza kwenye kimo ulichokipanga, na juu ndiko upepo ulikokaza.

Anza kila mruko kwa kuukabili upepo, ili betri ikipungua upepo ukurudishe. Kwenu hiyo ni kwenda kusini kwanza wakati wa kusi, na kaskazini kwanza wakati wa kaskazi. Ikishagota, futa amri ya kurudi, ishushe hadi mita 20 au 30, weka mwendo wa juu kabisa. Ikishindikana, itue kwenye mchanga mtupu ulio chini yake ukaifuate kwa miguu. Na kilomita moja na nusu mlikuwa hamuioni tena. Kanuni inataka uione kwa macho, bila kutegemea skrini. Toeni taarifa TCAA kwamba chombo kilichosajiliwa kimepotea. Kama wavuvi watakiopoa, betri iliyokunywa maji ya chumvi isichajiwe kamwe. Iwekwe nje ndani ya ndoo ya mchanga.

SWALI: Kunguru wanaishambulia droni yangu Upanga. Nifanyeje?

JIBU: Panda juu wima kwa kasi, kunguru na mwewe hupata tabu kupanda wima. Usishuke wakiwa juu yako wala usijaribu kuwakimbia kwa ubavu. Epuka miezi wanapolinda makinda, na wakishakuwa watatu au wanne, tua, hamisha sehemu ya kurukia mita 200, uanze upya.

SWALI: Kaka yangu anakuja kutoka Guangzhou na droni yangu na betri tatu. Apite vipi?

JIBU: Idhini itangulie mzigo. Akifika nayo bila karatasi, forodha wataishikilia mpaka uzilete, na ukichelewa utajuta. Mtumie nakala za idhini kwenye simu na zilizochapwa, na aitamke droni mwenyewe kabla hajaulizwa.

Betri za akiba haziendi kwenye begi la chini ya ndege, zinabebwa mkononi. Zidisha volti kwa ampia-saa: betri ya volti 15.4 yenye ampia-saa 5 ni wati-saa 77. Chini ya 100 hupita kwa kawaida, kati ya 100 na 160 shirika la ndege liombwe kwanza, zaidi ya 160 abiria haruhusiwi. Azishushe chaji hadi asilimia 30 kabla ya safari, kila moja kwenye mfuko wake, ncha za shaba zikiwa zimefunikwa kwa tepu. Ikiwepo hata moja iliyovimba, aiache huko huko.